Mkono wa Kushoto wa Babu Harithi

Kila asubuhi, kabla hajasukuma dirisha la mbao, Babu Harithi alikunja mkono wa kushoto wa shati lake mpaka kwenye kiwiko, akafungua wembe, akajinyoa malaika, vile vinyweleo vya mkono, kidogo tu, upana wa kidole hivi. Yakitoka yote na ngozi haijasema kitu, alipuliza, akashusha mkono wa shati, ndipo akafungua dirisha. Wembe ukimuuma hata kidogo, dirisha lilibaki limefungwa. Aliurudisha kwenye mkanda wa ngozi uliotundikwa kwenye msumari wa mlango, akausugua kwenda na kurudi, akajaribu tena. Mteja aliyekuwa nje anapiga hodi alingoja. Na kama ana haraka, aondoke.

Chumba chake cha kunyolea kilikuwa nyuma ya soko la Nachingwea, na mlango wake wa uani ulitazamana na jiko letu. Ndiyo maana nilikuwa namwona. Mimi si msemaji. Mama anasema nilichelewa kuongea, na nilipoanza nikaona hakuna haja sana. Lakini kutazama natazama.

Mara ya kwanza kuingia mle ndani ilikuwa mwezi wa kwanza, mwaka nilioanza darasa la kwanza. Msichana wa shule ya msingi anakata nywele kama mvulana, ndivyo shule zetu zinavyotaka. Mimi nilikuwa nimesukwa na mama sikukuu, nywele bado nzuri, nikalia kutoka mlangoni kwetu mpaka mlangoni kwake. Baba yangu, Hassani, alinishika mkono huku anacheka.

"Nani kaniletea mke hapa?" Babu Harithi aliuliza. Hakuwa babu yangu wa damu, ila mtaani kila mtoto wa kike alikuwa mkewe.

"Mkeo huyo," baba alisema. "Ila leo kaamka na hasira."

"Hata mimi ningekuwa na hasira. Nywele zote hizi! Haya njoo, mke wangu, tuziage taratibu."

Kiti chake kilikuwa cha mbao ya mninga, kizito, kimepauka pale watu wanapoweka viwiko. Sisi watoto hatukufika kwenye kioo, kwa hiyo alikuwa na ubao anaulaza juu ya mikono ya kiti, unakaa juu yake kama kuku juu ya fito. Kioo alikitundika kimeinama kidogo. Ukikaa pale ulijiona kuanzia nyusi kwenda juu, basi. Mdomo wako unaolia hukuuona. Sijui kama alifanya makusudi. Nadhani alifanya makusudi.

Alinifumua nywele mwenyewe, msuko mmoja mmoja, wala hakuvuta. Kisha akatumia ile mashine ya mkono, inayobanwa kama mkasi, inasema chaki-chaki-chaki nyuma ya sikio. Mwisho akachukua wembe wa kusafisha kisogo. Nilipouona nikakaza mabega. Yeye akakunja mkono wa shati mbele yangu, akajinyoa pale kwenye mkono, akanionyesha.

"Umeona? Mimi ndiye nauonja kwanza, kama mama yako anavyoonja uji kabla hajakupa. Ukiniuma mimi, wewe sikupi."

Nikalegeza mabega. Nikapakwa poda shingoni. Baba akasema nimefanana naye, na kweli, kwenye kile kioo kilichoinama tulikuwa na paji moja la uso.

Baada ya hapo nilikwenda kila shule zikikaribia kufungua, na siku nyingine nilikwenda tu. Baba alinyolewa Ijumaa kabla ya swala, nami nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango, nasikiliza. Mle ndani watu wazima walitaniana sana. Ukutani nje kulikuwa na ubao umechorwa kichwa cha mwanamume mwenye njia ya nywele pembeni, na kila mgeni aliuliza yule ni nani.

"Mteja wangu," Babu Harithi alijibu. "Alikimbia kabla sijammaliza, ndiyo maana hana mabega."

Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, Mwalimu Evodius. Alikuwa na kichwa kikubwa na hakukasirika akitajiwa.

"Mwalimu, leo uliniambia unakuja peke yako," Babu alimwambia siku moja.

"Si nimekuja peke yangu?"

"Mbona naona vichwa viwili?"

"Wewe Mmwera, nyoa. Kwetu hiki ndicho kipimo cha mtu mzima."

Vijana wakija kuuliza habari za denge au kiduku, alisema kwake kuna mitindo miwili tu: kupunguza na kumaliza. Wakicheka na kuondoka hakujali.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote haikufanyika pale kwenye kiti. Alikuwa na wembe mwingine, wa kukunja, mpini wa pembe, ameufunga kwenye kitambaa cheupe ndani ya droo. Huo haukumgusa mtu mzima. Ulikuwa wa vitoto vya siku saba tu. Mtoto akizaliwa mtaani, siku ya saba Babu Harithi alivaa kanzu, akachemsha wembe ule, akaenda kumnyoa nywele za kuzaliwa. Karibu watoto wote wa nyuma ya soko walipita kwenye wembe huo, na mimi nilipita. Mama anasema niliuchapa usingizi mpaka mwisho.

Alikuwa na mtoto mmoja, Huzaifa. Na Huzaifa alikuwa ameoa, mkewe Sabaha, dada mpole mwenye macho ya kucheka, lakini mtoto hawakujaliwa. Mwaka ukapita, mwingine ukapita. Babu hakuwauliza. Ila dada yake, Bibi Hajra, anayeishi Likunja upande wa Ruangwa, kila akija Nachingwea na kiroba chake cha ufuta alimwambia jambo lile lile.

"Kaka, twende nyumbani. Shamba la wazee liko pale, korosho zinaokotwa na nyani. Unangoja nini kwenye chumba hiki?"

Naye alifungua droo, akamwonyesha kile kitambaa.

"Huu umebakiza kichwa kimoja, Hajra. Kichwa cha mtoto wa Huzaifa. Nikikimaliza hicho naukunja, tunaondoka wote."

Nilimsikia akisema hivyo nikiwa mdogo, nikamsikia nikiwa mkubwa. Maneno hayakubadilika.

Baba alifariki mvua zikianza. Kifua. Alikohoa muda, tukampeleka hospitali, akarudi, akakohoa tena. Siku ya kuondoa matanga wafiwa tulinyolewa, maana kwetu bado wanafanya hivyo. Babu Harithi ndiye aliyekuja. Alimnyoa mdogo wangu, kisha akaweka kigoda mbele ya nyumba, akaniangalia. Hakusema mke wangu. Alikunja mkono wa shati, akajaribu wembe, akapuliza.

"Kaa," alisema.

Nikakaa. Ndiyo mara pekee aliyoninyoa bila utani. Alipomaliza aliniwekea kiganja utosini, kikakaa pale. Kilikuwa na harufu ya sabuni na poda, harufu ya Ijumaa. Hapo ndipo nilipolia. Kabla ya hapo sikuwa nimelia, watu walikuwa wanaulizana.

Shule sikurudi. Nilikuwa darasa la nne, na mama alianza kulima vibarua kule Naipingo, mdogo wangu hakuwa na wa kumwangalia. Mwezi wa kwanza ulipofika, wenzangu wakaenda kupanga foleni kwa Babu Harithi. Mimi nywele zangu ziliachwa ziote. Sikuwa na sababu ya kwenda kunyolewa tena, lakini nilimbeba mdogo wangu mgongoni nikaenda kukaa kwenye kigoda kile kile. Babu aliniona. Akasema, "Mke wangu, sogea, unamzibia mteja mlango," kama siku zote. Nilimshukuru moyoni.

Huzaifa alijifunza kazi kwa baba yake, lakini alifungua saluni yake karibu na stendi, ya mashine za umeme, muziki, na dada mmoja wa kufanyia watu skrabu ya uso. Hawakugombana. Kinyozi hawezi kujinyoa kichwa, kwa hiyo kila Ijumaa Huzaifa alikuja kumnyoa baba yake, kwa ile mashine ya mkono, maana ya umeme mzee aliikataa. "Hiyo inanguruma kama inasaga mahindi," alisema. "Kichwa changu si gunia."

Sasa niseme nilichokiona.

Kwanza niliona dirisha linachelewa. Zamani lilifunguliwa wakati mama anawasha moto wa chai. Baadaye likawa linafunguliwa tumeshakunywa chai na vyombo vimeoshwa. Nikaanza kutazama kwa nini. Babu alikuwa uani kwake, mkono wa shati juu, anajaribu wembe. Unamuuma. Anarudi kwenye mkanda. Anajaribu. Unamuuma. Anapaka jiwe la shabu damu ikauke, anarudi kwenye mkanda. Nje wateja wanaita, "Mzee Harithi, upo?" naye anajibu, "Nipo, wembe haujawa tayari." Wanangoja, wanaangalia simu zao, halafu mmoja anamwambia mwenzake twende stendi.

Alibadilisha nyembe. Akabadilisha mkanda, akamwagiza dereva wa basi amletee ngozi nyingine kutoka Lindi. Akanunua jiwe jipya la kunolea. Mimi nilikuwa natazama mkono mwingine, ule wa kulia, ulioshika wembe. Ulikuwa unatetemeka. Mwanzoni kidogo tu, baadaye hata kikombe cha chai alikishika kwa viganja viwili. Lakini yeye macho yake yalikuwa kwenye wembe. Maisha yake yote, kikimuuma kitu, ni wembe. Hakuwahi kuwa na sababu ya kutafuta kwingine.

Joto la mwezi wa kumi, watu wanatembea na fulana, yeye akavaa mashati ya mikono mirefu na kufunga vifungo. Siku moja alikuwa anatawadha uani, akapandisha shati, nikauona ule mkono wa kushoto. Kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko ulikuwa mistari, mingine imekuwa makovu, mingine bado mibichi.

"Babu," nilimwambia, "mkono wako."

Akashusha shati, maji yakiwa bado yanatiririka.

"Wembe, mke wangu. Siku hizi nyembe zimekuwa na tabia."

Hata mteja mmoja hakuwahi kumkata. Hilo niliandike vizuri. Hakuvunja neno lake. Wembe ulimuuma yeye, basi hakuupeleka kwa mtu. Ndivyo alivyobaki bila wateja. Mwisho alikuwa anakuja Mwalimu Evodius peke yake, ameshastaafu, akakaa Nachingwea maana kwao alishapasahau. Anakaa kwenye kiti cha mninga toka asubuhi mpaka adhuhuri, wanaongea, halafu anaondoka na nywele zake.

Basi katikati ya hayo Sabaha akapata mimba.

Habari aliileta Huzaifa mwenyewe, mbio, na ndala moja. Babu Harithi alikaa chini mlangoni. Akasema alhamdulillahi, akasema tena, akaniita kutoka jikoni kwetu kana kwamba sijasikia. "Mke wangu! Kichwa changu kimefika!" Toka siku hiyo hakufungua dirisha kabisa. Alisema anautunza mkono. Nilishtuka kidogo aliposema mkono, lakini kesho yake nikamwona tena anasugua wembe.

Mtoto alizaliwa wakati wa mabibo, wa kiume. Siku ya saba nyumba ya Huzaifa, hatua chache kutoka chumba cha kunyolea, ilijaa wanawake, masufuria ya wali uani, vitunguu, moshi. Bibi Hajra alikuwa amefika jana yake kutoka Likunja na kiroba chake. Mimi na mama tulikaa na wanawake wengine ukutani. Sabaha alikaa kwenye mkeka katikati ya chumba, mtoto amemlaza mapajani, na mbele yake sahani nyeupe ya kuwekea nywele.

Babu Harithi aliingia amevaa kanzu iliyopigwa pasi, kofia mpya. Alikuwa amependeza mpaka Bibi Hajra akampigia kigelegele cha utani.

"Bwana harusi huyo! Umekuja kuoa au kunyoa?"

"Nikimaliza kunyoa nitafikiria," akajibu, watu wakacheka.

Dua ikasomwa. Huzaifa akapiga magoti karibu na baba yake.

"Baba, jina tumempa Harithi."

Mzee aliinama. Alimtazama mtoto, akakohoa.

"Mmemtwisha mtoto mzigo," alisema, na watu wakacheka tena, lakini sauti yake ilikuwa imepasuka katikati.

Maji ya moto yakaletwa. Akafungua kitambaa cheupe, akauchovya ule wembe wa mpini wa pembe, akaufuta. Sabaha akakisogeza kichwa cha mtoto. Nywele zilikuwa nyingi, laini, zimelala.

Hakuna mtu aliyemwambia ajaribu. Angeanza tu, watu wangesema bismillahi na yeye angepitisha wembe. Nilikuwa namwomba kimoyomoyo aanze tu. Lakini akavuta mkono wa kushoto wa kanzu mpaka kwenye kiwiko.

Mama alinishika goti. Ile mistari ilikuwa imefika juu, hakuna tena mahali pazima isipokuwa sehemu ndogo karibu na kiwiko, nafikiri aliiacha kwa ajili ya siku hiyo. Akaweka wembe pale. Mkono wa kulia ulitetemeka, wembe ukaruka, damu ikatoka.

"Kaka," Bibi Hajra alisema.

"Ngoja. Haujawa tayari."

Alikuwa amekuja na mkanda wake. Akaukanyaga upande mmoja kwa mguu, akauvuta kwa mkono, akasugua wembe pale pale mbele ya watu, kwenda na kurudi. Chuma kililia vizuri. Wembe ule ungekata uzi hewani. Akajaribu tena. Ukamkata tena, zaidi ya mwanzo, damu ikatambaa mpaka kwenye kifundo.

Akaitazama. Halafu akautazama mkono wa kulia, ulioshika wembe. Aliutazama muda mrefu sana, kama mtu aliyeletewa mgeni na hamjui.

"Si wembe," alisema.

Hakumwambia mtu yeyote. Alisema tu.

"Baba," Sabaha alisema, machozi yanamtoka lakini mtoto kamshika vile vile, karibu. "Baba, pitisha mara moja tu. Kidogo, hapa mbele. Huzaifa atamalizia. Mimi siogopi."

"Najua huogopi, mama."

"Basi pitisha."

"Umeniuma mimi," Babu Harithi alisema taratibu, kama alivyoniambia nikiwa juu ya ubao. "Yeye simpi."

Akaukunja wembe. Akaufuta, akaufunga kwenye kitambaa, na kile kitambaa kikapata doa. Akaweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto. Kilitetemeka juu ya zile nywele, kikaendelea kutetemeka, naye hakukiondoa. Mtoto alikuwa amelala. Kisha akamwambia Huzaifa, "Lete kitu chako."

Huzaifa alikuwa analia kama mtoto mdogo. "Baba, mimi nitakushikia mkono. Tushike wote."

"Lete kitu chako, watu wana njaa."

Huzaifa akaenda chumbani, akarudi na mashine ya umeme, akatafuta mahali pa kuchomeka. Ikanguruma. Mtoto akaamka akapiga kelele, na wanawake wote wakaanza kusema pamoja, mshike shingo, mfunike macho, pole baba, pole.

Wakati huo Babu Harithi alisimama. Kitambaa na wembe wake alikuwa ameviacha kwenye mkeka, karibu na sahani. Mkono wa kanzu hakuushusha. Ndicho kilichonifanya niinuke nimfuate mpaka mlangoni, maana toka nimjue hakuwahi kutoka mbele za watu kabla hajaushusha.

Alivaa viatu. Bibi Hajra alipita karibu yangu na kiroba chake begani, akatoka nyuma yake. Walipita nyuma ya soko. Dirisha la mbao lilikuwa limefungwa, na yule mtu asiye na mabega alikuwa pale ubaoni anaangalia barabara. Mwalimu Evodius alikuwa amekaa kwenye ngazi anangoja habari. "Vipi, mzee? Kichwa kimetoka?" aliuliza. Babu Harithi alimpungia ule mkono wa kushoto, wenye damu, hakusimama. Mlango wake hakuutazama.

Wakashika barabara ya kwenda Ruangwa, yeye mbele, dada yake nyuma, vumbi jekundu linapanda kwenye pindo la kanzu. Nilidhani atageuka pale kwenye kona, aseme, "Mke wangu, sogea mlangoni." Nikasogea kabisa, nikampisha.

Alikata kona, na Nachingwea hajarudi tena.